Ubao wa Tatu

Simu ilinikuta nikigombana na fundi wa bomba, maana tangu nistaafu sina kazi nyingine ila kugombana na mafundi. Sauti ya msichana ikauliza kama mimi ndiye Bwana Daudi aliyewahi kukaa Matondoni. Nikamwambia inategemea nani anauliza. Akacheka kidogo, akasema yeye ni Rukia, mjukuu wa Bi Khadija, na kwamba ni mhandisi. Kazi yake ni kuunda vyombo vidogo vinavyojiendesha chini ya maji na kupiga picha za sakafu ya bahari upande wa Kililana, kwenye bandari mpya. Alipokuwa akipekua kasha la zamani nyumbani kwao alikuta mchoro wa chombo cha namna hiyo hiyo, umechorwa kwa wino kwenye karatasi iliyoanza kuliwa na mende, na pembeni pana herufi mbili za jina langu. Hakuamini kwamba kitu kama kile kiliwahi kuundwa kijijini kwao kabla mama yake hajazaliwa. Bibi yake ndiye aliyemwambia mwenye herufi zile ni nani. Kisha akashusha sauti, akaniletea wito kama alivyopewa: "Bibi asema kama u hai, uye." Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikamwacha fundi wa bomba afanye anavyotaka.

Nina bahasha moja ambayo nimehama nayo nyumba saba. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza mara moja mna nini ndani, nikamjibu ni karatasi za kazi, naye hakuuliza tena kwa sababu alikuwa mwanamke mwenye adabu kunishinda. Ndani mna picha moja. Nitaifikia mahali pake. Kwa sasa niseme tu kwamba mwaka niliokaa Matondoni, mwaka wa pili baada ya Uhuru, ndio ulionifanya kuwa mtu niliye, na sisemi hivi kwa kujisifu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimetoka chuo cha ufundi Mombasa, najua kuchora mashine, kukata shaba kwa tupa na kusafisha picha. Nilidhani najua kila kitu. Niliajiriwa na mhandisi mmoja aliyetoka Ulaya ya kaskazini, mtu mrefu, mpole, aliyetaka tumwite kwa jina lake la kwanza, Arvid. Alikuja kuchunguza mikondo na miamba baina ya visiwa, na kazi hiyo hakutaka kuifanya kwa kamba yenye risasi ya kupimia kina kama waliomtangulia. Alitaka kuunda chombo kitakachozama chenyewe, kiende chenyewe, kipige picha na kurudi chenyewe, bila mtu ndani wala waya wa kukiongoza. Siku zile vyombo vya hivyo vilikuwa vya kuhesabika duniani, na vilijua kwenda mbele tu, kama mshale. Arvid alitaka chake kijue kugeuka: kikate kona nyembamba, kipite kati ya miamba miwili, kirudi kilikotoka. Alikuja na silinda ya chuma yenye betri, mota na kamera. Kilichobaki ni ganda la nje, mapezi na usukani, vitu vya kuchongwa, kujaribiwa, kuharibiwa na kuchongwa tena. Kiwanda hakikuwepo. Wakamwambia huko Matondoni wako watu wanaoweza kuupinda ubao ukawatii.

Tulipelekwa kwa Fundi Athman. Alikuwa mtu mfupi wa miaka hamsini na kitu, mikono yake mikubwa kuliko mwili, anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Aliizunguka silinda mara mbili, akaigonga kwa kidole, akauliza tumemzika nani humo. Askari wa kutoka bara, mwenzangu wa huko juu, naye alikuja na daftari akitaka kujua kama ni bomu. Ilibidi Arvid aifungue silinda yote mbele yake, hadi betri ya mwisho. Wanakijiji wakakipa jina. Walipoambiwa kwamba kikishaachiwa majini huwezi kukiita wala kukirudisha, kwamba kinafuata tu njia niliyokikatia mimi kwenye kisahani cha shaba chenye meno, jino moja kugeuka kulia, jingine kushoto, wakakiita Kiziwi. Hata Arvid alizoea. Katika barua zake kwao aliandika "Kiziwi" kama vile ni jina la kisayansi.

Nilipewa chumba cha nje nyumbani kwa Fundi. Ninakiona hata sasa kuliko chumba ninamoandikia: kuta za chokaa zinazoacha unga begani, kitanda cha kamba, dirisha la kiasi cha kupitisha kichwa, na ukuta mmoja uliopakana na ua wa ndani, ambako mimi sikuwa na ruhusa ya kufika. Chakula kilikuja kwa sinia. Ningesikia kucha zikigonga mlango mara mbili, na nikifungua nakuta sinia chini na buibui likikata kona. Mkate wa mofa na samaki wa kupaka, wali wa nazi, tambi za sukari siku za Ijumaa. Nilimjua Khadija kwa chakula chake na kwa sauti yake miezi mitatu kabla sijamwona uso. Alikuwa mkaza mwana wa Fundi. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Ukuta ule ndio ulionipa habari zao, sikuhitaji kuuliza. Wanawake walikuja uani kusuka ukili, na mazungumzo yao yaliuvuka ukuta kama harufu ya vitunguu. Salim, mtoto wa pekee wa Fundi, mume wa Khadija, aliondoka kwenda Pate na mashua aliyoundiwa na baba yake, peke yake kama alivyozoea, akiwa na shehena ya boriti. Hakufika. Mwaka ulikuwa umepita. Hakuna ubao ulioelea, hakuna maiti. Mmoja aliapa kwamba alimwona huko Kiunga. Mwingine alisikia kwamba ameingia chomboni kwenda Uarabuni, ana mke mwingine huko. Kadhi alikwishaulizwa, akasema hawezi kumhukumu mtu kuwa maiti bila yakini. Mke wa aliyepotea angoje. Kwa hiyo hakukusaliwa sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyeonekana, hakukusomwa khitma, na Khadija hakukaa eda. Hakuwa mke wala mjane. Akivaa nguo ya rangi, walimsema kwamba amemsahau mumewe. Akivaa nyeupe, walimwambia anamtabiria kifo. Nilikuwa nikisikia hayo huku nimeshika kalamu juu ya mchoro, na mara nyingi mstari wangu ulipinda.

Kazi ilikwenda polepole. Fundi hakujua kusoma mchoro na mimi sikujua kusoma ubao, basi tulikuwa tunasaidiana kama vipofu wawili. Ganda la Kiziwi liliundwa kwa papi nyembamba za mbao, zimepangwa kuanzia chini, kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo, kwenda juu pande zote mbili. Siku moja nilimwambia akate tundu la jicho la kamera kwenye ubao wa tatu. Akakata vizuri sana, lakini kwenye ubao wa nne. Arvid alishika kichwa. Wiki mbili za kazi ziliharibika. Nilimwonyesha Fundi mchoro, nikahesabu kwa kidole kutoka chini: moja, mbili, tatu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto akivaa viatu kinyume. "Bwana Daudi," akasema, "huu wa kwanza si ubao. Huu ni wa mkuku, ni nduye. Hauhesabiwi." Mafundi wote waliokuwapo walimuunga mkono: ubao unaoshikana na mkuku ni nduguye tu, na hapo kwao hakuna aliyewahi kuuhesabu. Tulicheka sana, hata Arvid mwishowe. Nami nikaandika kwa penseli pembeni mwa mchoro, nisije nikasahau: Fundi haanzi na wa kwanza. Ongeza moja.

Walikuwa na desturi nyingine ambayo niliipenda na kuidharau kwa wakati mmoja. Hakuna fundi aliyejipitishia kazi yake mwenyewe. Ukimaliza kiungo, unamwita mwenzako, hata awe mdogo wako, anapitisha kiganja juu ya kazi yako na kusema haya au la. Nilimuuliza Fundi Athman, mtu aliyeunda vyombo kwa miaka thelathini, kwa nini aitiwe kijana wa juzi kumkagua. Alinijibu kwamba mkono wake umeizoea kazi yake, hausikii tena kosa. Chuoni kwetu tulifundishwa kupima kwa kalipa, chuma cha kupimia unene. Nilimwona kama mtu wa kale.

Lakini ni mkono huo uliomfundisha Kiziwi kugeuka. Majaribio ya kwanza yalikuwa ya aibu. Tulimpeleka kwenye maji matulivu mbele ya mikoko, akazama, kisahani changu kikamwamuru apinde kulia, naye akaenda kuchora duara kubwa la kuzunguka kijiji kizima, amelala ubavu kama mlevi. Tuliongeza ukubwa wa usukani, hakusikia. Tuliongeza tena. Arvid alijaza daftari zima kwa hesabu. Siku ya nne Fundi alivua kanzu, akaingia majini hadi kifuani, akaomba tuiwashe mota huku wawili wetu tumemshikilia Kiziwi. Akapitisha viganja kutoka kichwani hadi mkiani, amefumba macho, mara moja, mara mbili. Akasema, "Nyuma mnene. Mai yavundika kabula hayayafika kwenye sukani." Arvid aliponitaka nimfasirie, nilianza, halafu nikaona uso wake ukibadilika kabla sijamaliza, kwa sababu ndilo jibu alilokuwa akilitafuta kwenye daftari. Usukani ulikuwa unapiga maji yaliyokwisha kufa. Fundi alichonga mkia upya, mrefu na mwembamba, akasogeza mapezi mbele kidogo, nasi tukateremsha uzito wa risasi chini ya tumbo ili asilale ubavu. Baada ya Idi Kiziwi aligeuka mahali padogo kiasi cha ua wa nyumba. Arvid alitokwa na machozi, akamkumbatia Fundi hadharani, jambo lililowafanya watoto wacheke wiki nzima.

Siku alipokuwa anasugua mapezi kwa ngozi ya papa ndipo Fundi aliponiambia habari yake mwenyewe. Tulikuwa wawili, tunakunywa kahawa ya tangawizi. Alisema mashua ya Salim ilikuwa na ubao mbaya. Salim alikuwa na haraka afike Pate na kurudi kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani, na mbao kavu zilikuwa zimekwisha. "Wa tatu, kushoto, mbele," akasema. "Nilitia mbambakofi mbiti." Ubao mbichi ukikauka hunywea, na kiungo hufunguka, pamba ya kalafati iliyokiziba ikatoka, maji yakaingia. Alijua hivyo, ndiyo maana aliukaza kwa misumari miwili miwili badala ya mmoja mmoja, akijidanganya kwamba itatosha. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumwita mtu apitishe mkono, maana aliona haya. Hakumwambia mkewe, hadi mke huyo akafa, wala hakumwambia Khadija. Tangu siku ile alikuwa akiunda vyombo vya watu, na kila alipogonga msumari alijiuliza kama amemuua mwanawe. Niliiweka chini kahawa yangu. Hadi leo nadhani hakutaka niseme kitu. Alitaka jambo moja tu. Watu walikisia kwamba mashua, kama ilizama, ilizama kwenye shimo lililo nje ya Manda Toto, pima kumi na tano kwenda chini, palipo na mkondo uliowashinda wazamiaji. Aliomba Kiziwi akishajua kugeuka apelekwe pale.

Arvid alikubali mara moja. Kwake yeye lilikuwa jaribio zuri kuliko yote. Nilikata kisahani kwa siku tatu, meno kumi na moja, njia ya kwenda na kurudi kama mtu anayelima shamba. Kila kitu kilibidi kiamuliwe kabla. Tulikwenda asubuhi kwa mashua ya jirani, bahari imetulia, Fundi amekaa mbele hatazami upande wowote. Tulimwachia Kiziwi, akatikisa mkia wake mwembamba, akapotea. Tulingoja kiasi cha kupika wali. Halafu akaibuka kule kule tulikokusudia, akichuruzika maji, na Arvid akajipiga mapaja kwa furaha. Fundi aliuliza tu kama jicho lake lilikuwa wazi.

Arvid alipatwa na homa siku iliyofuata akapelekwa Mombasa, akaniachia filamu niisafishe. Nilifanya kazi hiyo chumbani mwangu mchana, nimeziba dirisha kwa mablanketi, joto la kumchemsha mtu, jasho likidondoka karibu na dawa. Ng'ambo ya ukuta Khadija alikuwa anatwanga, na nje mlangoni mwangu Fundi alikuwa amekaa kwenye kibaraza. Picha ziliota moja moja kwenye sahani. Mchanga. Mchanga. Mwamba. Samaki aliyeshangaa. Ya kumi na saba ilitoa mstari mweusi uliopinda, na nilipoinama nikaona gubeti, ncha ya mbele ya mashua, na juu yake ua la kuchongwa ambalo Fundi alilitia kwenye vyombo vyake vyote. Ilikuwa imelala ubavu wa kulia, kushoto kwake kumeelekea juu, kwetu. Na mbele, chini, palikuwa na shimo. Nikahesabu kwa ncha ya penseli kutoka kwenye mkuku. Moja, mbili, tatu. Shimo lilikuwa kwenye ubao wa tatu.

Sijui nilikaa humo muda gani. Najua niliyoyawaza, kwa sababu nimeyawaza tena kila mwaka. Picha ile ilikuwa yakini. Ningeifungua milango miwili kwa mkono mmoja: Khadija angekwenda kwa Kadhi, angekaa eda yake, angelia, angekuwa mtu tena. Lakini mlango wa pili ulimhusu mtu aliyekaa kibarazani. Nilimpenda Fundi Athman. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunitendea kama mimi ni mtu mwenye akili isipokuwa yeye. Niliona mikono ile ikipokea picha ile, na sikuweza. Nilijiambia Khadija ni kijana, ana wakati. Ndivyo nilivyojiambia, na aibu yake haijapungua kwa kuzeeka. Nikaikata picha ile kutoka kwenye filamu, nikaikausha, nikaitia kwenye bahasha ndani ya Biblia yangu, halafu nikafungua mlango.

"Mchanga tu, Fundi," nikasema. "Hapakuwa na kitu."

Hakuomba kuziona. Aliniamini. Aliinamisha kichwa upande ule wake, akasema, "Alhamdulillahi. Mai yamekataa kusema." Akajikongoja akainuka kwenda kuswali adhuhuri. Ng'ambo ya ukuta mchi ulikuwa umenyamaza. Kisha ukaanza tena, polepole, na nikajua kwamba alikuwa amesikia.

Kazi ilikwisha kabla mwaka haujakwisha. Arvid alirudi akiwa amekonda, akasoma picha zilizobaki, akafurahia mistari yake, akamfunga Kiziwi ndani ya sanduku la mbao. Mchoro nilimwachia Fundi kwa kumbukumbu. Asubuhi ya kuondoka kwangu kucha ziligonga mlango mara mbili, na nilipofungua sinia lilikuwa chini kama siku zote, lakini buibui halikukata kona. Alisimama hatua tatu kutoka mlangoni, uso wazi, na ndiyo mara ya pili au ya tatu kuuona. Alinisalimu, akaniuliza safari ni saa ngapi. Halafu akasema alilokuja kusema.

"Bwana Daudi, watu wadhani nataka mume. Mimi sitaki mume. Nataka kulia tu, na hata kulia naambiwa ni fali mbaya, namwitia kifo. Katika zile picha, hamkuwa na kitu?"

"Hamkuwa na kitu, Bi Khadija."

Alinitazama machoni muda wa kutosha kuniona nilivyo. Akasema safari njema. Sikula chakula kile. Nilikitazama hadi punda alipokuja kuchukua mizigo yangu.

Mambo yaliyofuata niliyapata Mombasa, miaka minne baadaye, kwa mtu wa Matondoni niliyekutana naye sokoni. Aliniambia kama mtu anayetoa habari za mvua. Fundi Athman alivumilia kumwona mkaza mwanawe akinyauka, kisha Ijumaa moja, baada ya swala, akasimama mbele ya Kadhi na watu wote, akaapa kwamba mashua ile isingeweza kufika popote, kwa sababu yeye mwenyewe alitia ubao mbichi akijua, na hakuupitisha kwa mtu. Akasema yeye ndiye aliyemuua mwanawe, na hiyo iwe yakini. Kadhi aliuliza maswali mengi, akakubali. Wakasali sala ya ghaibu. Khadija akakaa eda. Fundi alirudi nyumbani akazitia tezo yake ya kuchongea na keekee yake ya kutobolea kasha­ni, hakushika chombo tena, na watu waliokuwa wakingoja zamu yake wakaenda kwa mafundi wengine. Alikufa mwaka uliofuata. Nilisimama pale sokoni na kifurushi cha ndizi mkononi. Nilidhani nimemsitiri, kumbe nilimwachia aseme mwenyewe, mbele za watu, kitu ambacho picha ingelimsemea. Nilikubali adhabu hiyo. Niliibeba miaka yote hiyo nikidhani ndiyo adhabu yote.

Basi mwaka jana nilikwenda. Rukia alinipokea mjini Amu, msichana mwembamba mwenye suruali na mtandio, anayezungumza haraka, anachanganya Kiswahili cha Nairobi na Kiingereza, na akishafika mlangoni kwao anageuka ghafla kuwa mtoto wa Matondoni. Njiani alinieleza kwamba chombo chake hubadilisha njia chenyewe kikiona mwamba, hakihitaji kisahani. Nikamwambia hongera, na nilikuwa nasema kweli. Chumba changu cha nje kilikuwa kile kile, ila dirisha limepanuliwa. Bi Khadija alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, nywele nyeupe pee chini ya kanga. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume huyo pia. Alinikaribisha kwa kahawa ya tangawizi. Aliniuliza habari za mke wangu, akamwombea. Alinitandikia mchoro wangu wa zamani, akasema Fundi alikuwa akiutoa kila Idi kuuonyesha kwa wageni. Nilipoona ameutunza hivyo nikashindwa kuendelea kunywa. Nikatoa bahasha, nikaisukuma juu ya mkeka, nikasema yote bila kujitetea, kwamba ilikuwepo, kwamba niliikata, kwamba nilimdanganya mlangoni pale pale.

Hakupandisha sauti. Alisema alijua siku ile kwamba namwambia uwongo, ila hakujua kwa nini. Akamwomba Rukia miwani, akaisogeza picha kwenye mwanga wa dirisha. Alilitazama lile ua la kuchongwa kwa muda mrefu, akalipapasa kwa kidole. Halafu kidole kikashuka, kikasimama, kikapanda kidogo, kikasimama tena. Yeye alizaliwa na kukulia kati ya mashua. Baba yake, ami zake, wote mafundi.

"Ubao mbiti ni huu," akasema. "Huu hapa, yuu ya shimo. Tazama misumari yake, miwili miwili. Mzima. Pamba yake imekaa. Huu uliovundika ni wa tini yake, nao umevundika katikati, umengia ndani. Huu ni mwamba, Bwana Daudi. Salim alipanda mwamba."

Nikasema haiwezekani, nilihesabu, shimo liko kwenye wa tatu. Aliuvuta mchoro, akauweka kando ya picha, akakiweka kidole chake pale pembeni, kwenye maandishi ya penseli yaliyofifia, maandishi yangu mwenyewe. Rukia aliyasoma kwa sauti, kwa sababu mimi sikuweza: Fundi haanzi na wa kwanza. Ongeza moja.

Siku ile Fundi alikuwa kibarazani, hatua mbili kutoka kwangu. Ningemwita tu apitishe macho. Angeliona kwa kutupa jicho mara moja alichokiona Khadija, na angelia kwa ajili ya mwanawe kama baba yeyote, na kesho yake angeshika tezo yake. Badala yake alisimama mbele ya watu akajiita muuaji, akafa akiamini hivyo, na mimi nilikuwa na picha ya kumtakasa ndani ya Biblia yangu.

Nililia mbele ya wanawake wale wawili, mzee wa umri wangu. Bi Khadija aliniacha nilie. Nilipomaliza alinipa ncha ya kanga yake nifute uso, kisha akanisogezea picha tena.

"Hesabu," akasema. "Hesabu kama Baba Athman."

Nikaweka kidole kwenye mkuku. Nikakipandisha hadi kwenye ubao wa kwanza, nikasema huu si ubao, huu ni nduye. Nikapanda. Moja. Nikapanda, kidole kikaingia kwenye weusi wa shimo. Mbili. Nikapanda tena, nikapapasa misumari, miwili miwili, imekaa kama alivyoigonga.

"Tatu," nikasema. "Mzima, Fundi."